Mtambo mpya hausikii: kutafuta ubovu kwenye redio za mawimbi hafifu

Nimejenga busta tatu (vikuzaji vya mawimbi yanayotoka kwenye antena) na transvata mbili (vigeuzi vinavyohamisha bendi moja ya redio kwenda nyingine) hapa Wete, Pemba. Kila tatizo lililonisumbua zaidi ya siku mbili, ubovu haukuwa kwenye saketi. Ulikuwa kwenye kebo, kwenye plagi, kwenye umeme, au nyumba ya pili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia juu ya mlingoti na kushuka chini. Boksi la transvata tutalifungua mwisho, na mara nyingi hatutalifungua kabisa.

Ninayewaandikia ni wenzangu wa redio ya ridhaa wenye leseni ya TCRA na alama ya wito inayoanza na 5H, wanaotaka kutoka kwenye FM ya kuongea mtaani na kuingia kwenye mawimbi hafifu ya megahezi 144 na 432. Kutoka Wete, Tanga iko magharibi, kama kilomita 70 kuvuka mkondo wa bahari. Mombasa iko karibu kaskazini kabisa, zaidi kidogo ya kilomita 110. Masafa haya yanafikika kwa SSB (sauti inayorushwa kwa upande mmoja wa wimbi) kwenye 144.300 na kwa FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali unaosomwa na kompyuta) kwenye 144.174, lakini kwa sharti kwamba mtambo unasikia kweli. FT8 inasomeka hata sauti ikiwa desibeli 21 chini ya kelele, ukipima kelele hiyo kwa upana wa hezi 2,500. Mtambo uliopoteza desibeli 5 njiani unawapoteza watu wote waliokuwa kwenye desibeli hizo 5, na hutajua kama walikuwepo.

Kwanza tengeneza chanzo chako cha kupimia

Usisubiri mtu wa Tanga akae hewani ili ujue kama umerekebisha kitu. Katika mabodi mabovu ya kompyuta na vifaa vya USB utakuta kijiboksi cha bati chenye miguu minne kilichoandikwa 48.000. Hicho ni kristali pamoja na saketi yake. Mara tatu ya 48 ni 144, na mara tisa ni 432, hivyo kijiboksi kimoja kinakupa alama kwenye bendi zote mbili. Kipe volti zake (vingi vinataka 3.3, vingine 5, angalia bodi ulikokitoa), kitie ndani ya kopo la maziwa ya unga, toa nje waya wa sentimita 50, kisha kitundike mbali. Changu kiko juu ya mkarafuu, kama mita 300 kutoka nyumbani. Hakitakaa sawasawa kwenye 144.000, kitasogea kilohezi chache huku au kule. Andika kilipo, na andika kinasikika kwa desibeli ngapi siku ambayo kila kitu ni kizima. Namba hiyo itakuokoa safari nyingi za kupanda juu ya bati.

Kelele haibadiliki popote unapoielekeza antena

Kwenye 432, ielekeze yagi (antena ya vijiti) kwenye ukuta wa mawe au mwembe mnene ulio karibu. Zima AGC (kidhibiti kinachopandisha na kushusha ukuzaji chenyewe), soma kiwango cha kelele, kisha iinue antena itazame mbingu tupu. Ukuta na mti vina joto, na kila chenye joto hutoa kelele. Mbingu kwenye masafa hayo ni baridi. Ukiwa na busta nzuri, ambayo kelele yake yenyewe ni kama desibeli 0.6, utaiona sindano ikishuka desibeli 3 hadi 5. Ikishuka nusu desibeli tu, mtambo wako ni kiziwi, hata kama spika inavuma kwa nguvu. Mvumo mkubwa si dalili ya kusikia.

Kwenye 144 jaribio hilo halifai, kwa sababu mbingu yenyewe ina kelele nyingi, na hupanda na kushuka kadiri Njia Nyeupe ya nyota inavyopita juu yetu. Hapo chomoa antena, weka rezista ya omu 50 iliyofungwa ndani ya plagi, usome kelele, kisha urudishe antena. Kelele lazima ipande. Isipopanda, tafuta ubovu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kebo iliyo kati ya antena na busta. Mhandisi Harald Friis alionyesha mwaka 1944, kwa hesabu, kwamba hatua ya kwanza ya kipokezi ndiyo inayotawala kelele ya mtambo mzima, na kwamba hasara yoyote iliyo mbele ya hatua hiyo inaongezeka desibeli kwa desibeli. Mita 20 za RG-58 kwenye 432 zinakula desibeli 7 au zaidi: katika sehemu tano za mawimbi, nne zinaishia ndani ya kebo. Busta ukiiweka mezani, chini ya kebo hiyo, inakuza kilichobaki tu. Haiwezi kurudisha kilichokwisha potea.

Dawa ni kuipandisha busta juu ya mlingoti. Na kama fedha ya kebo nene haipo, tumia waya wa dishi. Nasema hili kwa moyo mweupe kwa sababu wengi wanaudharau. RG-6, ule ule ambao mafundi wa Darajani wanafungia madishi, kwa mita 20 unapoteza kama desibeli 3 kwenye 432, chini ya nusu ya ile ya RG-58. Ni wa omu 75 wakati mitambo yetu ni ya omu 50, lakini kwa upande wa kupokea tofauti hiyo inakugharimu kama sehemu mbili za kumi za desibeli. Busta ikiwa juu na kebo ya hasara ya desibeli 3 ikiwa chini yake, mtambo wangu wote unabaki chini ya desibeli 1 ya kelele. Busta hiyo hiyo ikiwa mezani, hesabu inapita 3 na nusu.

Mtuhumiwa wa pili ni busta inayolia yenyewe, kama maikrofoni ya kwenye khitma ikisogezwa karibu na spika, ila yenyewe inalia kwenye masafa ya juu ambayo kipokezi chako hakiyafikii. Unachokiona wewe ni uziwi tu. Ijue hivi: weka mita kwenye waya wa umeme wa busta. Chipu (IC) ya busta kama PGA-103+ au SPF5189Z kwa volti 5 inakula kama miliampea 90. Sogeza kidole karibu na boksi, kisha funga kifuniko. Mkondo ukiruka au kelele ikibadilika ghafla, basi inalia. Fupisha miguu inayokwenda ardhi, iwe mifupi kiasi cha kutoonekana, pitisha ushanga wa feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mawimbi) kwenye mguu wa kutolea, na ubandike sponji nyeusi, ile wanayochomekea IC ili zisidhurike kwa umeme tuli, upande wa ndani wa kifuniko.

Ilifanya kazi wiki mbili, kisha ikanyamaza

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na lina sababu mbili zinazofanana kwa dalili lakini ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni chumvi. Busta ya juu ya mlingoti hupewa umeme wa volti 12 kupitia kebo ile ile inayoshusha mawimbi. Maji kidogo yakiingia ndani ya plagi, huku volti 12 zinapita humo siku nzima, shaba inaliwa na umeme. Plagi ambayo bila umeme ingevumilia mwaka, inakwisha kwa wiki chache. Mwaka jana niliishusha yangu baada ya kusi kuvuma mfululizo. Kwa nje utepe mweusi ulikuwa mzima, unang'aa. Nilipoukata, kwenye ncha ya waya wa kati kulikuwa na unga wa kijani kibichi, laini kama majivu, na pini yenyewe imebaki nyembamba kama sindano ya kushonea kofia. Nikaikata kebo sentimita kumi kumi kurudi nyuma. Nyavu ya shaba ilikuwa nyeusi hadi karibu mita moja na nusu. Maji hayakai kwenye plagi; yanapanda ndani ya nyavu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi.

Kwa hiyo usiifunge plagi kwa utepe tu. Jaza mafuta ya silikoni kabla ya kukaza, zungushia utepe wa mpira unaojivuta na kushikana wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini kama makuti ya paa. Ipe kebo kitanzi kinachoning'inia chini ya plagi, maji yadondokee hapo. Plagi ya PL-259 haina kizuizi chochote cha maji. Kwa nje tumia plagi ya N. Boksi la busta toboa tundu la milimita 3 upande wa chini. Boksi lililozibwa kila mahali linavuta unyevu usiku na haliutoi tena. Na pale shaba inapogusana na alumini kwenye yagi, weka wosha ya chuma kisichoshika kutu katikati, la sivyo alumini itageuka unga mweupe.

Sababu ya pili ni wewe mwenyewe ulipobonyeza kitufe cha kurusha. Transista ya busta inakufa kwa nguvu ndogo sana ikiingilia mlangoni. Relei, swichi inayohamisha antena kati ya kupokea na kurusha, inahitaji muda wa kuhama na kutulia. Ukirusha kabla haijamaliza, nguvu ya kurushia inapita kwenye busta kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hiyo inatosha. Tofauti na chumvi ni hii: chumvi inaleta uziwi wa taratibu, unaobadilika na hali ya hewa. Kifo cha transista ni cha ghafla, na mkondo kwenye mita hubadilika pia. Kama miliampea 90 zimekuwa 30 au 150, usihangaike na plagi. Tengeneza saketi ya foleni: kitufe kikibonyezwa, relei ihame kwanza, zipite milisekunde 50 hadi 100, ndipo ampulifaya ya kurushia ipewe umeme. Wakati wa kuachia, kinyume chake. Usiunganishe busta mpya kabla foleni hiyo haijajaribiwa kwa taa ndogo badala ya mawimbi.

Kelele inaanza magharibi na kuisha usiku wa manane

Kabla ya kumtuhumu mtu, tumia betri. Zima swichi kuu ya nyumba yako, endesha kipokezi kwa betri ya volti 12, sikiliza. Kwangu mara ya kwanza kelele ilipungua zaidi ya nusu: ilikuwa chaja yangu mwenyewe ya simu, nyepesi kama ganda la yai, isiyo na chujio lolote ndani.

Ikibaki, zungusha antena hadi kelele iwe kubwa kabisa, kisha toka na redio ndogo ufuate upande huo kwa miguu. Mimi ilinipeleka nyumba ya tatu.

"Assalaam aleikum, mama. Samahani kwa usumbufu wa saa hizi."

"Waaleikumu salaam, baba, karibu. Kuna nini?"

"Nakuomba uzime taa ya ukumbini dakika moja tu, nisikilize redio yangu."

Akacheka, akazima. Kelele ikakatika kama kisu kimepita. Nilimpelekea taa nyingine siku ya pili, niliyoijaribu kwanza kwangu, na tangu hapo ananiuliza kila tukionana kama redio yangu inasikia. Nenda kwa adabu, nenda na taa mkononi, na usimweleze mtu megahezi. Mwambie unasikiliza watu wa mbali.

Chaja za betri za sola na inveta zina dalili nyingine: zinachora mistari iliyopangika sawasawa kwenye skrini ya kompyuta inayoonyesha mawimbi, mistari inayosogea taratibu jua linapofunikwa na wingu. Feraiti kwenye nyaya za paneli na za betri, karibu kabisa na chaja, inasaidia. Kuzizungusha nyaya hizo pamoja kama kamba ya usumba kunasaidia zaidi.

Na kuna mngurumo mzito wa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu, unaokuja usiku wa umande baada ya kaskazi ndefu isiyo na mvua. Hiyo ni chumvi juu ya vikombe vya kaure vya nguzo za umeme. Umande ukiilowesha, cheche ndogo zinatembea. Mvua kubwa ikiviosha vikombe, mngurumo unapotea kwa siku kadhaa. Andika namba ya nguzo, wapelekee watu wa umeme. Usiiguse wala usiigonge nguzo, hata kama uliona mtu akifanya hivyo.

Unasikia stesheni ya muziki mahali pasipotakiwa

Transvata nyingi za 144 zinatumia kristali ya megahezi 116 na kushusha bendi hadi 28. Ukijumlisha 116 na 28 unapata 144. Lakini ukitoa 28 kwenye 116 unapata 88, na hapo ndipo bendi ya FM ya muziki inapoanzia. Stesheni yoyote iliyo kati ya 87.5 na 88.0 inaweza kukuibukia kati ya 144.0 na 144.5. Ukiisikia hapo, chujio lako la mlangoni ni dhaifu au halijakaa sawa. Ongeza koili na kapasita zinazopitisha 144 peke yake, upime kwa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena na vichujio) kwamba 88 inazama desibeli 60 au zaidi.

Kama husikii muziki ila kila kitu kinakuwa kizito na hafifu ukielekeza antena upande wa minara ya mjini, basi busta imelemewa. Zile IC za bei nafuu zinakuza kila kitu kuanzia megahezi 50 hadi zaidi ya 2,000. FM na minara ya simu inazijaza. Chujio la kuzuia FM mbele yake linatosha mara nyingi, na likitengenezwa vizuri linakula sehemu chache za kumi za desibeli. Hasara hiyo ikubali. Bila chujio unapoteza zaidi.

Mstari unapinda kwenye skrini na programu haisomi

Toni za FT8 zimeachana kwa hezi 6.25 tu, na kila kurusha kunachukua karibu sekunde 13. Mtambo ukiteleza hezi zaidi ya hizo ndani ya muda huo, herufi zinachanganyika. Kwenye 432, kosa la sehemu moja kwa milioni ni hezi 432. Sasa fikiria kristali ya kawaida ndani ya boksi lililo chini ya bati: asubuhi na mapema kuna ubaridi, saa 7 mchana kumewaka kama tanuri.

Kwanza hakikisha anayeteleza ni nani, kwa sababu hata lile kopo la mkarafuuni linateleza. Lifunike kwa kivuli, subiri nusu saa. Mstari ukiendelea kupinda, ni transvata. Zima feni inayoipulizia; upepo unaokuja na kukatika ni mbaya kuliko joto lenyewe. Ifunge kristali kwa sponji ya godoro ili joto libadilike polepole. Tiba ya kudumu ni TCXO (kristali inayojirekebisha joto likibadilika), au saa ya megahezi 10 inayoshikwa na GPS.

Mstari ukiruka ghafla wakati wa kurusha tu, weka mita kwenye miguu ya transvata, si kwenye betri. Betri yangu ilikuwa 12.6 mezani, lakini kwenye transvata nikirusha ilikuwa 10.8, kwa sababu ya waya mwembamba wa mita nne. Kidhibiti cha 7809 kinataka kama volti 11 ili kitoe 9 safi. Waya mnene na 7808 badala yake vilimaliza kazi.

Kama mistari imenyooka lakini bado haisomeki, tazama saa ya kompyuta. WSJT-X, programu inayosoma FT8 na mrithi wa WSJT iliyoanzishwa mwaka 2001 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, inataka saa iwe sahihi, kosa lisifike sekunde 2. Safu ya DT (tofauti ya muda) ikionyesha 1.4 au 1.6 kwa kila mtu, wewe ndiye uliyechelewa au kuwahi. Sauti ya kuingia iweke karibu na 30 kwenye kipimo chake, pakiwa hakuna mtu hewani.

Jirani wa kilomita tano anakusikia kwa shida

Muulize antena yake imesimama au imelala. Sisi wa SSB na FT8 tunailaza. Wa FM wanaisimamisha. Tofauti hiyo peke yake inaweza kula desibeli 20. Hakuna kilichoharibika.

Jioni sauti inatetemeka

Kuna siku Mombasa inaingia kana kwamba iko Konde, hapa hapa Pemba, na kesho yake haipo. Hiyo ni hewa ya juu ya bahari kupinda mawimbi, usiguse kitu. Mtetemo ni jambo jingine. Mstari wa kati wa sumaku ya dunia unapita kaskazini yetu, juu ya Ethiopia, na kila upande wake kuna ukanda mzito wa aionosfia (tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme). Visiwa vyetu viko karibu na ule wa kusini. Miezi ya Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, hasa jua linapokuwa na madoa mengi, ukanda huo unatoboka mapovu baada ya jua kuchwa. Satelaiti za ridhaa kwenye 145 na 435 zinatetemeka kati ya saa 2 na saa 5 usiku kana kwamba plagi imelegea.

Zipime zote mbili usiku mmoja. Satelaiti ikitetemeka huku kopo la mkarafuuni limetulia, ni anga. Rudi kusikiliza baada ya saa 6. Vikitetemeka vyote, kesho asubuhi panda mlingoti, kuna plagi inayocheza.